Sungura hafukiziwi ubani: nadharia nne za imani ya dini, na namna ya kuchagua ya kufanyia kazi

Sungura wa hadithi zetu anasema, anapanga hila, anamtia Fisi matatani na kumchezea shere Simba. Jini naye anasema, anapanga, ana wivu na hasira. Wote wawili wana akili kama za binadamu, na wote wawili hawafuati kawaida ya viumbe tunaowaona kila siku. Lakini hakuna aliyewahi kumfukizia Sungura ubani, wala aliyekwenda kwa mganga kuuliza Sungura anataka nini. Jini hufukiziwa, huchinjiwa, na ngoma yake hupigwa hadi alfajiri.

Kwa nini mmoja ni hadithi na mwingine ni imani? Saikolojia ya dini na taaluma ya mageuzi ya utamaduni zina majibu manne makubwa, na anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza hukwama palepale: achukue lipi liwe msingi wa tasnifu, wa somo au wa ripoti yake? Makala haya yanayaweka manne hayo bega kwa bega.

Vigezo ni vitano, na kila nadharia itapimwa kwa hivyo hivyo: swali inalolijibu hasa, ushahidi wake ulipatikanaje, inakwama wapi, kuipeleka uwanjani kunahitaji nini, na inamfaa nani. Kigezo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote. Nadharia nyingi zinazosemwa zimeshindwa zilipewa tu swali ambalo si lao.

Jambo moja tulimalize mapema, kwa sababu huwasumbua wasomaji wenye dini na wasio nayo sawasawa. Kueleza namna imani inavyoingia akilini hakuthibitishi wala hakukanushi kile kinachoaminiwa. Justin Barrett, mmoja wa waasisi wa nadharia ya kwanza hapa chini, ni Mkristo wa dhati. Wenzake kadhaa hawana dini. Data zao ni zile zile.

1. Imani kama zao la pembeni la akili

*Swali inalolijibu.* Kwa nini mawazo ya aina fulani huingia kichwani kwa urahisi na kukaa? Barrett, Pascal Boyer na wenzao wanasema hakuna sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya dini. Zipo zana za kazi nyingine: kuhisi kwamba kuna mtendaji, kusoma nia ya mwenzako, kuuliza kitu hiki ni cha nini. Majani yakichakarika usiku, anayedhani ni nyoka kumbe ni upepo hupoteza usingizi kidogo. Anayedhani ni upepo kumbe ni nyoka hupoteza zaidi ya usingizi. Kwa hiyo akili huegemea upande wa kuhisi kuna mtu au kiumbe. Wahenga wa pwani walisema ukiona vyaelea, vyaundwa, majahazi yakiwa mbele ya macho yao; akili hiyo hiyo ikitazama milima na nyota huuliza fundi ni nani.

*Ushahidi.* Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikizunguka karibu na kisanduku. Kati ya watazamaji 34 wa kundi la kwanza, mmoja tu alieleza alichokiona kama maumbo yanayosogea. Wengine wote walisimulia viumbe wenye nia: huyu anamfukuza yule, yule anajificha. Boyer na Charles Ramble walichapisha mwaka 2001 majaribio ya kumbukumbu yaliyofanyika Ufaransa, Gabon na Nepal: wazo linalokiuka tarajio moja tulilonalo kuhusu kitu cha aina hiyo hukumbukwa vizuri kuliko la kawaida kabisa, na kulirundikia ukiukaji juu ya ukiukaji hakuliongezei nguvu. Jini anaingia barabara katika kipimo hiki. Ana tamaa, ana ukoo, anakula, anaoa. Anachokiuka ni tarajio moja tu: haonekani. Jini anayeishi jana, mwenye umbo la namba, na anayesahau kila asichokisikia, huyo hata kumsimulia ni kazi.

Watoto nao wametoa ushahidi. Katika jaribio la Jesse Bering na David Bjorklund la mwaka 2004, watoto walitazama vikaragosi: panya mdogo analiwa na mamba. Walipoulizwa, walikubali kwamba ubongo wa panya haufanyi kazi tena, lakini wengi wakasema bado anampenda mama yake. Na watu wazima hawajapona: mwaka 1996 Barrett na Frank Keil waliwasomea watu visa kuhusu Mungu, watu ambao kwa mdomo walikiri kwamba Mungu hufanya yote kwa wakati mmoja. Walipokumbuka visa hivyo, walisimulia Mungu anayemaliza shughuli moja ndipo aende kwenye nyingine.

*Inapokwama.* Inakwama kwa Sungura. Kwa kipimo cha kumbukumbu, Sungura na jini ni ndugu; nadharia hii haina cha kusema kuhusu kwa nini mmoja anaogopwa. Udhaifu wa pili ni kwamba ile hoja ya majani yanayochakarika, inayonukuliwa kuliko zote, ndiyo yenye ushahidi mwembamba zaidi. Mara nyingi mwenye imani ya mashetani ndiye anayewahisi gizani, si kwamba aliwahisi kwanza ndipo akaamini. Kipengele cha kusoma nia za wengine kimesimama imara zaidi.

*Uwanjani.* Ndiyo rahisi kuliko zote: karatasi, kalamu na saa. Jaribio la kumbukumbu la kuanzia linaweza kuwa na vipengele 18: sita vya kawaida (embe lililoiva), sita vya ajabu lakini vinavyowezekana (embe lililopakwa rangi ya buluu), sita vinavyokiuka tarajio moja (embe linalosikia watu wakisengenya). Urefu wa sentensi ulingane. Soma, wape watu dakika tano za hesabu ndogo ili kuvuruga kumbukumbu ya papo hapo, kisha waandike wanachokumbuka. Rudi baada ya wiki moja uulize tena. Wanafunzi huharibu kazi hii mahali pamoja: wanachanganya kundi la pili na la tatu. Embe la buluu linashangaza, lakini halivunji chochote tunachokijua kuhusu matunda.

*Inamfaa nani.* Anayeuliza kwa nini visa fulani vya mizimu hudumu vizazi na vizazi na vingine hupotea. Mwalimu wa saikolojia ya mtoto. Na afisa afya. Wazande walioelezwa na mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard mwaka 1937, ambao wanaishi hadi kaskazini mwa Kongo, walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo za ghala. Swali lao lilikuwa kwa nini ghala limeanguka saa hii, na juu ya hawa. Cristine Legare na Susan Gelman walikuta jambo la namna hiyo Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa 2008: watu wazima waliojua kwamba UKIMWI huletwa na virusi waliweza pia kuutaja uchawi, bila moja kulifuta lingine. Afisa anayedhani elimu ya virusi itafukuza uchawi kichwani anapigana na adui asiyekuwepo.

2. Imani kama tunachojifunza kwa wengine

*Swali inalolijibu.* Kati ya mawazo mengi yanayokumbukika, kwa nini ninaamini haya na si yale ya jirani? Jibu la Joseph Henrich na wanaomfuata ni kwamba mtoto haangalii wazo peke yake. Anaangalia nani analisema, wangapi wanalifuata, na zaidi ya yote kama wanaolisema wako tayari kulilipia. Henrich alilieleza hili mwaka 2009: maneno ni rahisi kudanganya, kwa hiyo akili hupima matendo ambayo asiyeamini asingeyafanya.

Hapa Sungura anapata jibu lake. Hadithi yake hufunguliwa kwa "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!" Kabla ya neno la kwanza la kisa, kila mtu ameambiwa hiki ni cha kuburudika. Ikiisha, bibi haachi chakula nje kwa ajili ya Sungura. Lakini bibi huyo huyo akimwaga maji ya moto usiku anatamka bismillahi kwanza, asije akamuunguza asiyeonekana. Hamfundishi mtu, anafanya tu, kila usiku, hata asipojua kama mjukuu anatazama. Mjukuu anatazama.

*Ushahidi.* Will Gervais na Henrich waliuliza mwaka 2010 swali la Zeus: mungu huyu wa Wayunani ana sifa zile zile alizokuwa nazo zama zake, anakumbukika vizuri, na bado leo haabudiwi kama zamani. Kilichobadilika ni watu wanaomzunguka. Aiyana Willard na Lubomír Cingl walilinganisha mwaka 2017 Jamhuri ya Cheki na Slovakia, nchi zilizokuwa moja hadi mwisho wa 1992 lakini zilizoachana sana kwa kiwango cha imani. Kilichoeleza pengo hilo vizuri ni kama mtu alikua akiwaona wazazi wakitenda dini yao.

Pwani ina kisa chake. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kuzunguka moto. Kila familia iliyotoa mikeka nje ilikuwa tangazo kwa jirani kwamba hili si la utani. Mwanzo wa hofu ile una maelezo mengine, ya kisiasa yakiwemo; kasi yake inaeleweka vizuri zaidi ukiifikiria mikeka hiyo.

*Inapokwama.* Haisemi wazo lilitoka wapi, wala kwa nini wazo fulani lilishindwa japo wakubwa walilishika. Vipimo vyake vingi ni dodoso linalomuuliza mtu mzima kuhusu utoto wake, na mwenye imani kali leo huwakumbuka wazazi wake wakiwa wacha Mungu kuliko walivyokuwa. Tena wazazi hutupa vinasaba pamoja na mfano, na dodoso haliwezi kutenganisha viwili hivyo.

*Uwanjani.* Usiulize "Je, wazazi wako walikuwa na imani?" Kila mtu atasema ndiyo. Hesabu matendo: katika wiki ya kawaida ulipokuwa na miaka kumi, ni siku ngapi ulimwona mzazi akiacha kazi ili asali? Aliwahi kukataa pesa au cheo kwa sababu ya dini? Aliwahi kufanya kinyume cha alichokuhubiria? Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa na ndilo lenye faida kubwa, kwa kuwa nadharia inatabiri kwamba maneno mengi yasiyo na matendo hudhoofisha imani. Ukiweza, mhoji pia ndugu wa tumbo moja, ulinganishe kumbukumbu zao.

*Inamfaa nani.* Anayetafiti vijana wanaoacha au wanaohamia dini, anayetafiti uvumi, na viongozi wa dini wanaojiuliza kwa nini madrasa au kipaimara hakimshiki kijana. Ndiyo nadharia ningemshauri mwanafunzi wa Kiswahili au wa fasihi simulizi aanze nayo, kwa sababu fomula za ufunguzi, methali na miiko ni data tayari, hazihitaji maabara.

3. Mungu anayeona na kuadhibu

*Swali inalolijibu.* Watu waliishi vipi kwa kuaminiana katika miji yenye maelfu ya wasiojuana? Ara Norenzayan na wenzake wanapendekeza kwamba imani katika miungu wenye kujua yote, wanaojali maadili na kuadhibu, ilisaidia makundi kukua, na makundi yaliyokua yakaieneza imani hiyo. Swali hapa ni la mwenendo kati ya wageni. Jini wa nyumbani swali hili halimhusu sana. Hasira yake ni kwa aliyemkosea yeye, si kwa aliyemdhulumu mfanyabiashara wa mji mwingine.

*Ushahidi.* Hapa ndipo penye utajiri na penye majeraha, kwa hiyo tukae kidogo. Mwaka 2007 Azim Shariff na Norenzayan walichapisha jaribio: mtu anapewa dola 10 agawane na asiyemjua, baada ya kupanga sentensi zenye maneno kama "Mungu" au zisizo nayo. Waliokutana na maneno ya dini walitoa wastani wa dola 4.22, wengine 1.84. Matokeo yalizunguka dunia. Mwaka 2015 Gomes na McCullough walilirudia kwa mpango uliosajiliwa kabla ya data kukusanywa, na tofauti haikuonekana. Anayenukuu la 2007 bila la 2015 ananukuu nusu ya habari.

Majaribio ya uwanjani yamesimama vizuri zaidi. Huko Marrakesh wauza maduka 69 walipewa chaguo kati ya kujinufaisha na kutoa sadaka; adhana ilipokuwa ikisikika walikuwa wakarimu zaidi kuliko isiposikika. Utafiti wa Benjamin Purzycki na wenzake wa mwaka 2016 ulihusisha watu 591 katika jamii nane, wakiwemo Wahadzabe wa Tanzania. Ule wa Martin Lang na wenzake wa 2019 ulifika watu 2,228 katika jamii 15, wakiwemo Waturkana na Wasamburu. Kwa jumla, kadiri mtu alivyomwona mungu wake kuwa anajua na kuadhibu, ndivyo alivyomtendea haki mtu wa dini yake anayeishi mbali.

Upande wa historia umeumia. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa jamii 414 kutoka Seshat, hifadhidata ya historia ya jamii za dunia, uliosema miungu wa maadili walikuja baada ya jamii kuwa kubwa, si kabla. Wakosoaji wakagundua kwamba sehemu kubwa ya nafasi zisizo na taarifa zilihesabiwa kana kwamba imani hiyo haikuwepo. Makala yaliondolewa mwaka 2021. Jamii isiyoandika haikuacha maandishi kuhusu mungu wake. Kuichukulia kuwa hakuwa naye ni kosa ambalo mtu wa bara hili angelinusa haraka. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa Joseph Watts na wenzake wa 2015, wa tamaduni 96 za Kiaustronesia (za visiwa kuanzia Madagaska hadi Pasifiki), ulikuta kwamba imani ya adhabu za kiroho kwa jumla, pamoja na zile za mizimu, ilitangulia ukubwa wa jamii. Mungu mkuu wa maadili hakutangulia.

*Inapokwama.* Wahadzabe wenyewe ni mtihani. Wanawataja Haine na Ishoko, majina yanayofungamana na mwezi na jua, wana ngoma ya epeme inayochezwa usiku usio na mbalamwezi, wanagawana nyama kwa upana ambao wachache wanauweza, na hawana mahubiri ya mungu anayehesabu dhambi. Ushirikiano wa watu wanaojuana hauhitaji nadharia hii kabisa. Isitoshe, nyingi ya athari zilizopimwa ni kwa mtu wa dini ile ile. Ukitaka kusema "dini huleta upendo kwa wote", data hizi hazitakubeba.

*Uwanjani.* Mchezo wa sarafu 30 ndio kipimo kikuu. Mbele ya mshiriki kuna vikombe viwili: kimoja chake, kingine cha mtu wa dini yake aliye mbali. Dadu lina rangi mbili, pande tatu kwa tatu. Akiwa peke yake, anachagua kikombe moyoni, anatupa dadu. Ikitokea rangi ya kwanza sarafu inaingia kikombe alichochagua, ikitokea ya pili inaingia kile kingine. Uchaguzi uko moyoni, hivyo hakuna awezaye kumkamata. Asiyedanganya atatarajiwa kuweka sarafu 15 kila upande. Kwa mtu mmoja, chochote kati ya 10 na 20 ni bahati ya kawaida, usimwite mwizi. Kwa watu 100, wastani wa 14 katika kikombe cha mtu wa mbali ni vigumu kuusingizia bahati.

Matatizo matatu hujitokeza. La kwanza, watu hawaelewi kanuni, fanya majaribio manne mbele yao, kisha waulize "rangi hii ikitokea utaweka wapi?" na usiwaache waanze mpaka wajibu sawa. La pili, dadu na pesa hunuka kamari. Penye Waislamu au walokole wengi, zungumza na viongozi mapema au tumia mfuko wenye vijiti vya rangi mbili. La tatu, pesa za kikombe cha mbali lazima zifike kweli. Ukidanganya hapo, kijiji hakitampokea mtafiti anayekufuata.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa uzamili au uzamivu mwenye bajeti, anayeuliza kuhusu uaminifu kati ya wasiojuana: masoko, mikopo, wasafirishaji. Wa historia pia, akiwa na subira ya kuandika "hatuna taarifa" pale isipokuwepo.

4. Ibada: gharama na kumbukumbu

*Swali inalolijibu.* Kwa nini dini hudai mambo mazito, na madai hayo hulifanyia nini kundi? Kuna matawi mawili. Richard Sosis na wenzake wanaona mzigo wa ibada kama ishara: anayefunga, anayetoa fungu la kumi, anayevaa tofauti na wote, ameonyesha kwamba hatakimbia. Harvey Whitehouse, aliyeanzia utafiti wake Papua New Guinea, anatazama kumbukumbu: ibada ya nadra yenye maumivu huwaunganisha wachache walioipitia pamoja, ibada ya mara kwa mara isiyo na makali hueneza mafundisho kwa wengi wasiojuana. Jando na swala za kila siku ni mifano yetu ya pande hizo mbili.

*Ushahidi.* Katika jumuiya 83 za Marekani ya karne ya 19, Sosis na Eric Bressler walikuta kwamba za kidini zilizodai masharti mengi zilidumu zaidi. Kwa zile zisizo za kidini masharti hayakuongeza umri. Mauritius, Dimitris Xygalatas na wenzake waliwapa watu rupia 200 baada ya ibada ya Kihindu ya kavadi, ambapo waumini hutobolewa miili, wakawaachia nafasi ya kuchangia hekalu kwa siri. Waliotoka kwenye maombi ya kawaida walitoa wastani wa karibu 81. Waliotobolewa karibu 133. Waliowasindikiza na kutazama karibu 161.

*Inapokwama.* Tazama namba hiyo ya mwisho. Kama gharama ni ishara ya mtendaji, mbona mtazamaji ametoa zaidi? Nadharia ya pili inalijibu hilo kuliko hii. Pia ibada nyingi hazichaguliwi: mvulana anayepelekwa jandoni hatoi ishara ya hiari, anapelekwa.

*Uwanjani.* Kuwepo siku ya ibada, na ruhusa ya wenyewe. Unyago una siri zake. Mtafiti mwanamume aachane nao. Pima mara mbili, kabla na baada, la sivyo hutajua kama ibada ndiyo iliyowabadilisha au waliokuja ndio waliokuwa hivyo tangu mwanzo.

*Inamfaa nani.* Anayetafiti tarika, makanisa mapya, vikundi vya rika, na hata vikundi vya kuweka na kukopa vinavyofungua kikao kwa sala.

Mtego wa nadharia zote nne: lugha ya swali lako

Okot p'Bitek wa Uganda alisimulia kisa cha wamisionari wa Kitaliano waliowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno lenye maana hiyo, swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga. Wazee walishangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake. Waliposhurutishwa wajibu, mmoja akakumbuka ugonjwa unaokunja uti wa mgongo, na roho inayosemwa kuuleta: Rubanga. Basi jina hilo likachukuliwa kuwa la Muumba.

Kiswahili kina mashimo yake. "Unaamini majini?" ni maswali mawili. Muislamu wa Tanga anaweza kujibu kwamba anaamini majini wapo, lakini hawaamini. La kwanza ni kuwepo, la pili ni kutegemea. Uliza moja moja: "Je, wapo?" kisha "Je, wanaweza kukusaidia?" kisha "Je, umewahi kutaka msaada wao?" Neno "moyo" ni kiungo na ni hisia, kwa hiyo ukimuuliza mtoto kama moyo wa panya aliyekufa unafanya kazi, hujui amejibu kipi. "Roho" ni mbaya zaidi: ni nafsi, ni uhai, ni tabia ya uchoyo. Na "Mungu", "mzimu", "pepo" na "shetani" zisiwekwe kwenye mizani moja ya alama kwa dodoso lililotafsiriwa tu kutoka Kiingereza.

Uchague vipi

Una miezi mitatu na huna bajeti: nadharia ya kwanza kwa jaribio la kumbukumbu, au ya pili kwa mahojiano ya ndugu. Zote mbili zinawezekana kwa watu 60.

Unaripoti "mapepo" yaliyoangusha wasichana shuleni: anza na ya pili. Andika nani alianguka kwanza, ana hadhi gani kwa wenzake, na walimu walifanya nini mbele ya wanafunzi. Kuita mashehe na wachungaji uwanjani ni tendo linalothibitisha jambo, iwe walikusudia au hawakukusudia.

Unafanya kazi ya afya: ya kwanza, kwa lile la maelezo mawili kukaa kichwa kimoja.

Swali lako ni biashara na uaminifu: ya tatu kama wahusika hawajuani, ya nne kama wako kundi moja. Usitumie ya tatu kwa wanakijiji wanaoonana kila siku kisimani. Sifa na aibu zitafunika kila unachotafuta.

Unataka kuunganisha mbili: ya kwanza na ya pili hushikana vizuri, kwa sababu moja inaeleza wazo linalokaa kichwani na nyingine imani inayoshika. Ya tatu na ya nne pia huenda pamoja. Zote nne katika tasnifu moja ni sura ya pili ndefu na matokeo mafupi.

Njia yoyote utakayochukua, kibali cha utafiti kwanza, kutoka tume ya serikali inayohusika: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Halafu jaribu maswali yako kwa watu kumi, na umwombe kila mmoja akurudishie swali kwa maneno yake mwenyewe. Wakiwa watatu au zaidi wamerudisha swali jingine, liandike upya kabla ya kuchapa dodoso.